Kioo Namba Kumi na Nne

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya mwaka mpya wa Wagujarati, Protas Sitati alipiga goti kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Mama Nimesh, akaangalia kipande cha kioo kilichobandikwa juu ya ufa wa ukuta, akakuta ni kizima.

Mtu mwingine angeshukuru. Fomu aliyokuwa ameishika ilikuwa na visanduku viwili tu, KIZIMA na KIMEVUNJIKA, na kila mtu kwenye mradi wa handaki, kuanzia mlinzi wa geti hadi wakubwa wa Nairobi, alikipenda kisanduku cha kwanza. Lakini Sitati alikuwa amekata vioo kwa miaka thelathini na moja, na hiki hakikuwa chake. Vyake vilikuwa vyembamba, milimita mbili, vya kuwekea picha. Hiki kilikuwa kinene, cha dirisha. Akagusa gundi kwenye ncha yake kwa ukucha. Ukucha ukazama.

Alikaa hivyo kwa muda, ukucha ndani ya gundi, akihisi kwa magoti mtetemo mdogo uliokuwa ukipanda kutoka mita kumi na mbili chini ya sakafu. Walikuwa wanachimba. Walikuwa wanakuja upande huu.

"Fundi!" Mama Nimesh aliita kutoka dukani. "Bado unatazama hiyo glasi? Kuja ukule. Leo hakuna mtu anatoka hapa na tumbo tupu."

"Saal Mubarak, Mama," Sitati alijibu, kwa sababu adabu ni adabu. "Nakuja."

Sitati alifika kwenye ufa huo kwa njia ndefu. Baba yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, na kazi yenyewe ilikuwa kutembea juu ya njia akigonga vyuma kwa nyundo na kusikiliza vinavyojibu. Sitati alizaliwa kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, akakua akidhani kila baba hugonga kitu na kuinamisha sikio. Yeye hakuipata reli. Ilipofika zamu yake, reli ilikuwa inapunguza watu, basi akajifunza kutengeneza fremu za picha na akaweka kibanda chini ya Mgongo.

Mgongo ndilo jina la barabara ya juu iliyokatiza mji ikiwa imebebwa na nguzo sitini na mbili. Ilijengwa wakati malori yalikuwa machache na saruji, kwa jinsi inavyoonekana, ilikuwa chache zaidi. Ilipozeeka ikaanza kudondosha vipande vya zege, na wenye mamlaka wakachukua hatua: wakaandika bango la kuwaonya watu wasipite chini yake. Bango wakalifunga kwenye nguzo ya ishirini na mbili, chini yake.

Kibanda cha Sitati kilikuwa kati ya nguzo hiyo na ya ishirini na tatu. Aliweka kwenye fremu wahitimu wa chuo cha Njoro waliovaa majoho ya kukodi, maharusi, marehemu, na marais. Rais hubadilika, fremu haibadiliki vipimo, kwa hiyo alikuwa mtu asiye na chama. Malori ya udongo mweupe kutoka Kariandusi yalipopita juu yalimmwagia unga kwenye vioo, naye akapangusa. Lakini kabla lori halijafika, vioo vilivyosimama kwenye rafu vilianza kulia kwa sauti nyembamba, na kwa kuisikiliza Sitati alijua ni kiungo gani cha Mgongo kimelegea wiki ile. Mara mbili alienda kuwaambia wahusika. Mara zote mbili waliandika jina lake.

Halafu ikaamuliwa kwamba Mgongo utabomolewa na magari yapite chini ya mji, kwenye handaki. Mkutano wa hadhara ukaitishwa. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Njoro alisimama akauliza kama wanajua kwamba mji huu umekalia majivu ya volkeno, na kwamba kila mvua kubwa ardhi hufunguka mahali fulani ikameza choo au kipande cha barabara. Mtaalamu akajibu kwamba suala hilo limezingatiwa. Kwenye mikutano ya hadhara, jambo likishazingatiwa halizungumzwi tena.

Kibanda cha Sitati kilikuwa cha kwanza kubomolewa. Hata hivyo, mradi ulihitaji mtu wa kukata vioo. Vyombo vya kisasa vya kupima mwendo wa kuta vilikuwa vimekwama bandarini, na njia ya zamani haihitaji umeme: unachukua kipande chembamba cha kioo, unakilaza juu ya ufa, unabana ncha zote mbili kwa plasta nyeupe inayoganda kama jiwe. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinavunjika. Kila asubuhi mtu anapita akiangalia. Sitati alipewa vioo sitini na kimoja kwenye majengo yaliyo juu ya njia ya handaki, koti la kung'aa, na fomu.

Ofisi, kwa upande wake, iliogopa kwamba watu wataharibu vioo hivyo. Ikachapisha vibandiko vyekundu, kimoja kando ya kila kioo: NI KOSA KUVUNJA KIOO HIKI. MHUSIKA ATASHTAKIWA. Hivyo kifaa ambacho kazi yake yote duniani ilikuwa ni kuvunjika kikapewa ulinzi wa sheria kisivunjike. Sitati alilalamika. Akaambiwa suala limezingatiwa.

Sasa, Diwali, sikukuu ya taa inayotangulia mwaka mpya wa Wagujarati. Kabla ya Diwali, nyumba ya Mama Nimesh husafishwa kana kwamba mungu wa kike wa neema atakuja na rula kupima vumbi. Rafu husogezwa, kuta hupakwa rangi, kila ufa huzibwa. Ijumaa Sitati alipofika kusoma vioo vyake vitatu vya hapo, kumi na tatu hadi kumi na tano, alizuiwa mlangoni na mpaka rangi aliyeitwa Kiptanui, kijana mrefu, mpole, mwenye madoa meupe mpaka kwenye kope.

"Mzee, usiingie, rangi mbichi. Kuja Jumatano."

"Na vioo vyangu?"

"Nitavichunga kama mayai."

Jumamosi ikanyesha. Jumapili ikanyesha zaidi. Jumatatu na Jumanne ofisi ikaandika vioo hivyo vitatu ni vizima, kwa kuwa hakuna aliyesema vimevunjika. Na sasa ilikuwa Jumatano.

Sitati alitoka nje, uani, akapita kando ya jiko la mabati lililojengwa limeegemea ukuta ule ule wa nyuma. Ndani yake Trizah, mpishi wa nyumba ile kwa miaka kumi na mbili, alikuwa akikaanga vimkate vya puri kwenye sufuria ya mafuta. Sitati akapiga simu.

"Kiptanui, ni Sitati wa vioo."

"Si mimi, mzee."

"Sijasema kitu."

"Nilisogeza rafu Jumapili nikavikuta vimevunjika. Vyote vitatu. Ngazi yangu haikugusa, naapa. Na hiyo karatasi nyekundu inasema mtu atashtakiwa. Mimi niko na watoto, mzee."

"Ukafanya nini?"

"Nikakata zingine. Nikabandika vizuri. Hata namba nimeandika."

"Ulibandika na nini?"

"Si pati? Ya madirisha."

Sitati akafumba macho. Pati ni laini, haigandi kwa wiki nzima. Ukuta ungeweza kufunguka kama mlango, na kioo kikaenda nao taratibu bila kuvunjika, kikitabasamu.

"Kiptanui, sikia. Hujakosa. Lakini kuja sasa hivi umwambie injinia maneno hayo hayo. Kuna watu ndani ya hii nyumba."

"Injinia? Ili anishike?"

"Hakuna mtu anakushika."

Simu ikakatika. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Ofisi ya mradi ilikuwa kontena mwendo wa dakika kumi. Sitati, ambaye ana miaka hamsini na tisa na goti moja bovu, alitumia sita. Injinia Chelagat, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa na zamu ya asubuhi, alimtazama akihema.

"Sasa, mzee. Kimevunjika gani?"

"Hakuna. Kumi na nne ni kizima. Ndiyo shida."

Chelagat aliiweka kalamu chini polepole. "Mzee Sitati. Nikipigia Nairobi niwaambie nimesimamisha handaki kwa sababu kioo ni kizima, watanitumia daktari kabla ya barua ya kufutwa."

Sitati akamweleza: rangi, pati, mvua, Kiptanui. Chelagat hakuwa mtu mjinga. Hilo lilikuwa tatizo lake kubwa kazini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kidole kwenye ramani iliyobandikwa ukutani.

"Saa tano wako chini ya ukuta wa nyuma. Huyo mpaka rangi yuko wapi?"

"Amezima simu."

"Kwa hivyo nina hadithi ya mtu aliyezima simu. Wiki jana walimtoa injinia mwenzangu Kipkemoi kwa kusimamisha kazi nusu siku bila ushahidi, na yeye alikuwa na mashine mbili za kupima. Niletee kimoja kilichovunjika. Chako, chembamba, na plasta. Nikione na macho yangu. Nitasimamisha hata wakinifukuza kesho."

"Vipande vya hapa viliisha na hii mvua, na vya nyumbani viko mbali. Naomba vya stoo."

Vya stoo vilihitaji sahihi ya mtunza stoo. Mtunza stoo, Mkristo kutoka Webuye, alikuwa amechukua likizo ya Diwali.

"Tafuta kioo, mzee," alisema Chelagat akivaa kofia ya kazi. "Nakufuata."

Saa tatu na dakika tano Sitati aliingia dukani kwa mlango wa mbele. Mlango ulikuwa wazi pande zote mbili, umetandikwa maua, na kizingiti kilichorwa kwa unga wa rangi. Ndugu walikuwa wamejaa: wa Kisumu, wa Eldoret, wazee waliokaa kwenye viti vya kukodi kati ya majora ya vitambaa, wanawake wakipanda na kushuka ngazi na sahani. Sitati aliwahesabu bila kutaka. Ishirini na sita, bila Trizah.

"Mama, lazima watu watoke. Ukuta wa nyuma unasogea."

Nimesh, mwanawe wa pekee, mwanamume wa miaka arobaini aliyevaa shati jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, alisimama.

"Mzee, kwa heshima. Kioo ni kizima. Nimekiona mimi mwenyewe asubuhi."

"Hicho si kioo. Hicho ni pambo."

"Sikia." Mama Nimesh hakuinuka kwenye kiti. Alikuwa mwanamke mdogo wa miaka sabini na moja, aliyezaliwa ghorofa ya pili ya jengo hilo hilo, na Kiswahili chake alikipata nyuma ya kaunta. "Watu yenu wamekuja mara tatu kututoa. Mara ya kwanza walisema waya za stima ni mbaya. Mara ya pili, mtaro. Mara ya tatu walituletea barua kwamba hii nyumba ni ya bei ya choo. Sasa wametuma wewe, fundi. Siku ya mwaka mpya, wakati mlango haifungwi. Wamechagua vizuri."

"Mama, mimi si watu yao. Mimi ndiyo walibomolea wa kwanza."

Mjomba wa Kisumu alicheka kidogo kisha akaacha. Sakafu ilitetema. Si sana, kiasi cha vijiko kugongana kwenye sahani, na kila mtu akajifanya hakusikia.

Chelagat alikuwa ameshafika mlangoni, kofia mkononi. Aliongea kwa unyenyekevu ambao ofisi ilikuwa haijawahi kumpa nafasi ya kuutumia. "Mama, mimi ndiye ninayechimba hapo chini. Naomba dakika ishirini. Mzee atabandika kioo kingine. Kikibaki kizima, nitakuandikia barua kwamba hatutawasumbua tena."

"Basi bandikeni."

"Sina kioo," Sitati alisema. "Nahitaji chembamba. Cha picha."

Akakosea akaangalia juu. Au hakukosea. Macho ya watu wote yakafuata.

Juu ya kaunta, ndani ya fremu ya mbao nyeusi, marehemu Darshan, mume wa Mama Nimesh, aliwatazama wageni kwa uso wa mtu anayejua punguzo la bei halitolewi. Shada jipya la maua ya manjano lilikuwa shingoni mwa fremu. Sitati ndiye aliyeitengeneza, miaka tisa iliyopita, chini ya Mgongo, na alikumbuka kioo chenyewe: milimita mbili, kisafi, bila povu hata moja.

"Hapana," Nimesh alisema. "Hapana, mzee. Leo? Ya baba?"

"Sijaomba."

"Umetazama!"

Mama Nimesh aliinuka. Alimwendea Sitati karibu sana, akamtazama kutoka chini kwenda juu, jinsi alivyokuwa akiwatazama wateja wanaodai kitambaa kilitoa rangi.

"Kikibaki kizima?"

"Nitakirudisha kwa fremu, nile hizi mithai zenu tamu, niende nyumbani. Na hutaniona tena, maana sitakuwa na kazi."

"Na kikivunjika?"

"Mtoke wote. Bila kubeba kitu."

Alifikiri kwa muda ambao Sitati aliuhisi kwenye magoti, kwa sababu mtetemo ulikuwa umebadilika. Mwanzoni ulikuwa wa kukoroma. Sasa ulikuwa na mkwaruzo ndani yake, kama vile vioo vya rafu vilivyolia kiungo cha nguzo ya ishirini na tano kilipolegea.

"Nimesh, teremsha baba yako," alisema.

Nimesh akapanda kiti. Mama akalitoa shada, akakosa pa kuliweka, akalivika shingoni mwa mwanawe. Kwa muda wote uliofuata Nimesh alisimama na shada la marehemu, jambo ambalo hakuna mgeni aliyelipenda na hakuna aliyethubutu kulisema.

Sitati aliilaza fremu kwenye kaunta kifudifudi, akang'oa misumari midogo aliyoigonga mwenyewe, akatoa kioo. Kalamu ya kukatia ilipita mara moja. Akavunja kipande cha upana wa vidole viwili, na shangazi mmoja akaguna kana kwamba ni mfupa. Kule nyuma alikwangua rangi mpya pande zote za ufa hadi akafika kwenye jiwe. Ufa ulikuwa mpana kuliko alivyouacha Alhamisi. Kiptanui alikuwa ameuziba kwa ustadi wa kuhuzunisha.

"Trizah! Nipe maji ya moto. Na chumvi."

"Unapika nini huko?" Trizah aliuliza kutoka jikoni.

"Plasta. Chumvi inaiharakisha."

Saa tatu na dakika ishirini kioo kilikuwa ukutani. Plasta ilianza kupata joto chini ya vidole vyake, dalili kwamba inaganda. Chelagat alichuchumaa kando yake. Mama Nimesh alisimama nyuma yao, na nyuma ya Mama Nimesh walisimama ndugu, safu kwa safu, wakichungulia.

"Mimi nimetoka Kisumu kuja kuona glasi," mjomba alisema.

"Nyamaza, kaka," alisema Mama Nimesh.

Dakika tano. Sitati aligonga plasta kwa ukucha, ikajibu kama jiwe. Dakika kumi. Kutoka jikoni yalisikika mafuta yakichemka. Kwenye redio ya mkononi ya Chelagat sauti ya mwanamume ilisema wamemaliza mita nyingine na wanaingiza mashine tena. Vidole vya Chelagat vilikuwa juu ya kitufe.

Dakika kumi na tano. Kioo kilikuwa kizima.

"Fundi," alisema Nimesh kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele. "Tumekusikiliza, sivyo?"

Sitati alikuwa ameweka sikio ukutani, mdomo wazi kidogo, vile baba yake alivyokuwa akiinama juu ya reli. Alikuwa anafikiria kwamba huenda amekosea. Alikuwa anafikiria Immaculate, mkewe, kule Kaptembwo, ambaye asubuhi ile alimwambia asisahau kuomba koti jipya la mvua, na jinsi ya kumwambia kwamba hatahitaji koti. Dakika kumi na nane. Dakika ishirini, zile walizoomba. Hakuna aliyesema muda umeisha. Chelagat akasogeza uso mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo, akaupangusa kwa mkono wa shati.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Ilikuwa kama mtu amevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili.

Hakuna aliyesogea. Mstari mwembamba ulikuwa umekatiza kioo katikati, na nusu ya kulia ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya kushoto, unene wa ukucha. Walipokuwa bado wanautazama, ikashuka tena.

"Wachimbaji wa uso wa mashariki," Chelagat aliiambia redio, "zimeni mashine. Tokeni wote. Acheni kila kitu."

"Kwa nini, injinia? Bosi amesema leo lazima—"

"Kioo kimevunjika. Tokeni!"

Mama Nimesh hakupiga kelele. Alisema maneno manne ya Kigujarati, na watu ishirini na sita, ambao kwa saa nzima walikuwa hawawezi kukubaliana nani akae kiti kipi, walitoka kwa mlango wa mbele kwa mstari mmoja. Nusu yao walitoka na sahani, kwa kuwa mtu husahau alichoshika. Mjomba wa Kisumu alimbeba mama yake mgongoni. Mchoro wa kizingitini ulifutika wote.

Sitati alihesabu wakitoka. Kisha akakimbilia uani.

"Trizah, toka!"

"Niko na mafuta kwa moto!"

"Wacha!"

"Itashika nyumba! Ngoja nizime gesi."

"Trizah!"

Alizima. Mwanamke yule alikuwa na utaratibu wake na hakuna handaki lingeuvunja. Akafunga mtungi, akatoa puri ya mwisho kwa kijiko cha matundu, akaiweka kwenye karatasi inyonye mafuta. Hapo Sitati akamshika mkono na kumvuta kwa nguvu ambazo goti lake lilimdai kwa mwezi mzima. Walipita dukani wakisukumana, Trizah akimwambia atamwambia Immaculate namna anavyoshika wake za watu.

Walikuwa ng'ambo ya barabara, katikati ya ndugu, ilipofika saa nne na robo. Kwanza paka wawili walitoka kwa kasi kwenye kichochoro. Halafu mabati ya jiko, ambayo yalionekana kutoka pale kupitia kichochoro hicho, yalishuka. Hayakuanguka; yalishuka wima, taratibu, kama mtu anayeketi. Vumbi jeupe likapanda. Sufuria zilisikika zikigongana chini, mbali zaidi ya pale sufuria zinapopaswa kuwa. Kona ya nyuma ya jengo ikainama kidogo, ikafikiri, ikabaki hapo.

Trizah aliitazama ile nafasi.

"Puri zangu," alisema. Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara.

Kutoka mdomo wa handaki, chini ya kivuli cha Mgongo, wanaume kumi na mmoja walitoka wakiwa weupe kwa majivu tangu kichwani hadi viatuni. Chelagat aliwahesabu mara mbili, kwa sauti. Halafu akaenda nyuma ya lori na kukaa huko dakika chache peke yake.

Taarifa ya mradi ilitoka baada ya wiki mbili. Ilieleza kwamba maji ya mvua yaliingia kwenye ufa wa asili na kusomba majivu chini ya uwanja wa nyuma, na kwamba mfumo wa ufuatiliaji ulifanya kazi kama ulivyopangwa. Darshan hakutajwa. Siku ya tatu tangu jiko lishuke, Kiptanui alijitokeza mwenyewe kwenye kontena, amevaa suruali ya kanisani, na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na vipande vya vioo vitatu vya kwanza, kila kimoja kikiwa na tarehe ya Sitati. Alikuwa amevihifadhi ili siku akishtakiwa aonyeshe kwamba sehemu iliyovunjika ilikuwa tayari na vumbi, yaani vilivunjika kabla hajavigusa. Chelagat alivitazama, akampa chai. Kijana alikunywa akiwa amesimama.

Vibandiko vyekundu vilibadilishwa. Vipya vinasema: KIOO HIKI KIKIVUNJIKA PIGA SIMU. Baada ya maneno hayo kuna nafasi ya namba, na nafasi hiyo ni safi. Handaki limesimama likisubiri kujazwa saruji mahali palipofunguka. Mgongo bado upo, umezeeka mwaka mmoja zaidi, na magari yote bado yanapita juu yake. Bango nalo lipo.

Mama Nimesh anakaa kwenye nyumba ya kupanga hadi jengo liinuliwe kona yake. Mwezi wa pili alimtuma Nimesh Kaptembwo na fremu ya baba yake. Aliikuta nyumba ya Sitati kwa kuuliza mara nne, akaketi kwenye kochi, na Immaculate akamletea chai. Nimesh alifungua gazeti alilokuwa amefungia kipande cha plastiki safi, kinachong'aa.

"Nimenunua hii mzee. Ni kama kioo lakini hata ukiitupa chini haivunjiki. Maisha yote."

Sitati aliipokea, akaipinda kidogo, ikarudi. Bidhaa nzuri.

"Mama ameiona?"

Nimesh alikuna kichwa. "Ameiona. Amesema nikurudishie, utie ile ingine. Ile inavunjika." Akanywa chai. "Amesema hiyo ndiyo anaweza kulala chini yake."

Sitati aliinuka kwenda chumbani, ambako chini ya kitanda alikuwa na vioo vyembamba vilivyobaki tangu enzi za kibanda, vimefungwa kwa blanketi. Njiani alipita kando ya ufa wa ukuta wake mwenyewe, karibu na mlango, ambao ulikuwa na kipande chake cha kioo tangu Novemba. Akakiangalia: kizima, na plasta ngumu. Kisha akaenda kutafuta rula ya kupimia fremu.